Fundi Anajibu: Injini Mpya, Ekzosi Nipitishe Wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetoa injini ya zamani kwenye lori langu, ilikuwa dizeli ya kawaida haina turbo, nimeweka ya silinda sita yenye turbo na imeshakaa kwenye maunti zake. Sasa shida ni ekzosi. Ya zamani ilitokea kulia, hii inatemea kushoto tena mdomo wa turbo unaangalia karibu kabisa na boksi la stelingi. Bomba nililonalo ni la inchi 2 na nusu. Rafiki yangu anasema niweke inchi 5 na sailensa nitupe, welda yeye anasema nimpelekee mabomba achomelee yote siku moja yawe kitu kimoja kigumu kisichotikisika. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. La welda ndo limenishtua zaidi kwa hiyo naanza nalo.

Bomba la ekzosi halitulii. Injini inacheza kwenye raba zake kila ukikanyaga mafuta, chasi nayo inajipinda kivyake ukipita kwenye mashimo, halafu chuma chenyewe kikipata moto kinarefuka. Chukua bomba la mita 3 la chuma cha kawaida, likipanda joto kwa digrii 400 linaongezeka karibu milimita 14, la stenlesi ndo zaidi, linafika kama milimita 20. Sasa ukilifunga gumu toka turbo, ile feni inayozungushwa na moshi kusukumia injini hewa, mpaka nyuma hizo milimita zitaenda wapi? Zitasukuma turbo. Nyumba ya turbo ni chuma cha kumimina, hakipindi, kinapasuka. Nimeshaona flenji, ile sahani ya bolti inayounga bomba na turbo, imekatika wakati kazi ya kuchomelea ilikuwa nzuri sana kwa macho, inauma kweli.

Kwa hiyo karibu na turbo weka kipande cha fleksi, kile chenye mikunjo, na kisikae kimepindwa wala kuvutwa, kikae kimenyooka katika hali yake. Kabla ya fleksi uzito wa bomba ubebwe na breketi iliyofungwa kwenye injini au giaboksi, zicheze pamoja. Baada ya fleksi ndo unaning'iniza kwenye chasi kwa hanga za raba. Turbo isibebe kitu.

Ukubwa sasa. Inchi 2 na nusu itaibana hiyo injini, weka pembeni. Ila usirukie 5 kwa sababu tu mtu kasema. Nafasi ya ndani inakua haraka kuliko unavyodhani, bomba la inchi 4 lina nafasi karibu mara 1.8 ya lile la inchi 3, na kwa silinda sita nyingi za lori inchi 4 inatosha kabisa na inapita chini bila kugombana na propela shafti. Kinachoamua ni presha ya moshi inayorudi nyuma. Kitabu cha injini kinataja mwisho wake, kwa dizeli nyingi za zamani ni kama kilopaskali (kPa) 10, ndo kipimo cha presha. Chomelea nati ndogo juu ya tundu kwenye sehemu iliyonyooka baada ya turbo, funga geji ya presha, upime lori likivuta mzigo kwa nguvu zote, sio limesimama linanguruma tu. Na kona ziwe za kupindwa kwa mashine isiyoziponda, maana kona iliyobonyea inarudisha inchi 4 yako kuwa 3.

Sailensa baki nayo. Turbo inapunguza kelele kidogo lakini haitoshi, na dereva ndo anakaa humo siku nzima. Kama injini ilikuja na chujio la masizi, lifunge pamoja na sensa zake zote la sivyo kompyuta ya injini itakusumbua.

Pale kwenye stelingi geuza mdomo kwanza, nyumba nyingi za turbo ukilegeza klampu au bolti zake zinazunguka kidogo, unaweza kupata njia bila kona ya ziada. Paipu za breki, za mafuta na waya zikae mbali, pasipowezekana weka bati la kukinga joto lenye upenyo wa hewa katikati.

Ukifika kwa welda piga pointi tu kwanza, yaani vidoa vidogo vya kushikiza, injini ikiwa na uzito wake wote na lori likiwa chini kwa matairi, sio kwenye jeki. Inua kabini, zungusha stelingi mwisho hadi mwisho, angalia ekseli ikipanda itagusa wapi. Ndo mabomba yatoke yakachomelewe mezani. Kama kuna kipande lazima kichomelewe kwenye gari, toa betri, chomoa soketi za kompyuta, na waya wa eathi uubane kwenye bomba lenyewe karibu na unapochoma ili umeme usipitie beringi za turbo.

Ukishaendesha likapata moto, liache lipoe halafu kaza klampu zote tena, huwa zinalegea safari ya kwanza.