Picha za ndege wa pwani wakila: anza na maji, kompyuta baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege wako wa ufukweni wanatoka wameinamisha vichwa, hawana ukali, na tope lote limekuwa kijivu, kisha ukataka kujua programu gani itaziokoa hizo picha. Nimezitazama zote. Programu itasaidia kidogo tu. Ulipiga saa tano asubuhi, maji yamekupwa, ndege wametawanyika hadi upeo wa macho, ukawa unawafuata kwa miguu. Hapo hata mwenye lenzi ya mamilioni anarudi na picha za migongo.

Fuata mwezi. Pwani yetu, Dar mpaka Mombasa, siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa mnamo saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanajaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Hizo ndizo siku zangu za ufukwe wa Kunduchi, Dar. Nafika saa tisa, natafuta mahali ambapo tope litabaki wazi hadi mwisho, nakaa kimya. Maji yanapanda na kuwasukuma ndege kuja kwangu, wakila kwa pupa kwa sababu meza inafungwa. Na kwa kuwa bahari yetu iko mashariki, jua la jioni liko mgongoni mwangu, linawapiga wao usoni. Asubuhi ni kinyume chake: ukielekea baharini unapata vivuli vyeusi. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mimi sihangaiki, maji hayapandi vya kutosha kuwaleta karibu.

Kuhusu ukali, kabla hujailaumu fokasi, kumbuka joto. Tope likipigwa na jua la mchana hewa juu yake inacheza, na ndege aliye mbali anatoka kama umempiga kupitia maji yanayochemka. Hakuna kitufe cha kompyuta kinachorudisha manyoya ambayo hayakufika kwenye lenzi. Dawa ni kuwa karibu na kusubiri jua lishuke.

Lala chini. Tandika turubai, weka lenzi kwenye mfuko wa mchanga. Ukipiga umesimama, nyuma ya ndege ni tope tupu. Ukilala, nyuma yake kuna maji ya mbali yaliyolainika na macho yake yako sawa na yako.

Vichwa chini ni suala la kumjua unayempiga. Chamchanga wadogo wanachokoa tope mfululizo kama cherehani, kichwa hakipandi ila wanapomeza au wanaposhtuka, hivyo piga mfululizo na utegemee fremu chache. Wale wenye macho makubwa na mdomo mfupi wanakimbia, wanasimama, wanatazama, wanadonoa. Kile kisimamo ndicho picha. Sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, ndiye mtamu zaidi: akimtoa kaa shimoni humtikisa ili miguu ikatike, wakati mwingine humwosha, ndipo ammeze. Una sekunde kadhaa. Usiache kupiga baada ya sululu kumchomoa kaa, maana tukio ndiyo kwanza linaanza. Ukibahatika kufika Mida Creek, Watamu, Kenya, yupo ndege aitwaye kitaalamu Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo anatembea taratibu, anakupa muda.

Shata, yaani kasi ya kupiga, usishuke chini ya 1/1600 ya sekunde wakati wa kula; kwa kaa anayetikiswa nenda 1/2500. Tundu la lenzi f/6.3 au f/8. ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ipande yenyewe. Ndege mweupe juu ya tope jeusi anaidanganya kamera, basi punguza mwanga theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga) na uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera. Weupe ukishaungua haurudi, kivuli kinarudi.

Sasa kompyuta. Piga RAW, faili ghafi ya kamera isiyobanwa kama JPEG. Huna hela ya programu? Darktable, programu ya kuhariri picha, ni ya bure na inatosha. Ondoa chengachenga za picha kwanza, ukali baadaye, na ukali uutie kwenye ndege peke yake kwa barakoa, yaani kwa kuchagua sehemu hiyo tu ya picha. Ukiutia kwenye tope kila punje ya mchanga inapiga kelele. Ule ukijivu wa tope ni mizani ya weupe, mpangilio wa rangi za picha: ongeza joto la rangi kidogo, halafu shusha sehemu angavu ili manyoya ya kifuani yaonekane. Rangi usizikoleze. Mwezi wa nne utaona baadhi ya chamchanga wamegeuka wekundu wa matofali kifuani kabla ya kwenda Siberia. Mtu akikoleza rangi, wote wanakuwa wa mwezi wa nne. Na huo ndio mwezi wa kuwaacha ndege wale, washibe mafuta ya safari. Wakiacha kula na kuinua vichwa wote pamoja, umeshasogea mno, rudi nyuma.

Ile picha yako ya sululu mwenye gando mdomoni usiifute. Kata upande wa kushoto palipo chupa ya plastiki, acha nafasi mbele ya mdomo, inua vivuli vya jicho mpaka kile kinukta cha mwanga kionekane. Kama unayo RAW yake iweke hapa, JPEG uliyopandisha imeshabanwa sana.