Kuchimba mifupa pangoni enzi za Malkia Victoria: maswali yenu

Walijuaje mfupa umetoka sehemu gani hasa ya pango?

Kwa kupima. Katika Pango la Kents, mjini Torquay, Uingereza, mwanajiolojia William Pengelly alisimamia uchimbaji kuanzia 1865 hadi 1880. Alivuta mstari mnyoofu toka mlangoni kwenda ndani, kisha akaukata kwa mistari mingine iliyoachana futi 1. Udongo ulitolewa kwa vipande vya urefu wa yadi 1, upana futi 1 na kina futi 1, yaani sentimita 90 kwa 30 kwa 30 hivi. Kila kipande kilipekuliwa palepale kwa mwanga wa mshumaa, kikapelekwa mlangoni kupekuliwa tena mchana kweupe. Vilivyopatikana viliwekwa kwenye sanduku lenye namba, na namba ikaingia daftarini. Vitu vya masanduku mawili vikichanganyika, ushahidi umekwisha hata kama mifupa ni mizima.

Kwa nini wasichimbe shimo moja kwenda chini, wamalize haraka?

Kwa sababu kingo humomonyoka, cha juu kikadondokea cha chini. Padri John MacEnery alichimba humohumo miaka ya 1820, akakuta zana za gumegume pamoja na mifupa ya wanyama waliotoweka, ishara kwamba watu waliishi wakati mmoja nao. Mwanajiolojia William Buckland akashikilia kwamba watu wa baadaye walitoboa sakafu ya chokaa (ganda gumu lililojengwa na maji yanayodondoka pangoni), zana zikaingia humo. Pingamizi la namna hiyo halijibiwi kwa shimo. Lilijibiwa Brixham, ng'ambo ya ghuba, mwaka 1858: katika pango lililofichuliwa na wavunja mawe, walibandua tabaka moja baada ya jingine, na gumegume zikatoka chini ya sakafu ambayo haijaguswa.

Sakafu hiyo ilivunjwa kwa zana gani?

Sururu, nyundo na tindo. Kents ilikuwa na sehemu zenye unene wa zaidi ya futi 5. Mabonge makubwa yaliyoporomoka toka darini yalipasuliwa kwa baruti, kazi ya kufanywa kwa kiasi, maana mshindo hupasua na mifupa iliyo chini.

Mfupa unabomoka mkononi. Dawa yake?

Walijaribu kwa ulimi: mfupa uliopoteza jelatini yake (utomvu unaoushikamanisha) hunata ulimini. Huo hukaushwa polepole kivulini (jua huupasua), tope linaondolewa, kisha unanyweshwa gundi ya moto iliyo nyepesi. Gundi nzito ni hasara: hufanya ganda nje, ndani mfupa ukabaki unga.

Fisi Uingereza? Kweli?

Kweli, fisi wa kale aliyekwisha kutoweka, ndugu wa karibu wa fisi madoa wa Serengeti. Alama zake ni mifupa mirefu iliyotafunwa ncha, mikwaruzo ya meno, na mavi meupe yaliyogeuka jiwe. Buckland, baada ya kuchunguza pango la Kirkdale, Yorkshire, alimpa fisi hai kutoka Rasi ya Afrika Kusini mfupa wa muundi wa ng'ombe. Fisi alikula ncha laini akaacha sehemu ngumu, sawasawa na masalio ya Kirkdale.