Tarehe 9 Novemba nchini Ujerumani: si yote bahati

Ndugu yangu, uliuliza kama matukio makubwa yanayoangukia tarehe moja hukutana kwa bahati tu. Itazame 9 Novemba. Mwaka 1918 jamhuri ilitangazwa Berlin. Mwaka 1938 masinagogi yalichomwa moto, na hapo hapakuwa na bahati yoyote, kwani viongozi wa Nazi walikuwa wamekusanyika Munich kuadhimisha jaribio la mapinduzi la Hitler la mwaka 1923, na amri zikatoka usiku huohuo. Bahati naiona mwaka 1989, pale Günter Schabowski, kiongozi wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, akipekua karatasi zake mbele ya waandishi wa habari, aliposema ruhusa ya raia kusafiri kwenda Magharibi inaanza mara moja, ilhali ilipangwa kuanza kesho yake. Umati ukamiminika kwenye vizuizi vya Ukuta wa Berlin, navyo vikafunguliwa.