Maswali ya wasomaji: Mbona samaki hawapungui?

SWALI: Tunahesabu samaki kwenye kijito cha upana wa mita 2 kinachopita kando ya kiwanda kilichofungwa. Tunaziba mita 100 kwa nyavu mbili, tunavua mara tatu kwa mashine ya umeme ya mgongoni, na walioshikwa tunawaweka kwenye ndoo nje ya nyavu. Tulipata 31, kisha 27, kisha 29. Tunakosea wapi?

JIBU: Hesabu hii husimama juu ya kupungua kwa wanaoshikwa kila awamu, yaani kila mnaporudia kuvua. Kwa awamu mbili, ili kukadiria samaki wote waliomo, idadi ya kwanza izidishwe kwa yenyewe, igawanywe kwa tofauti ya awamu hizo. Mngepata 60 kisha 20, jibu ni 90, nalo lina mantiki. Kwa 31 na 27 linatoka 240! Msiliandike popote.

Kagueni nyavu kwanza, hasa chini. Kamba ya risasi, ile nzito ya chini ya wavu, ikining'inia juu ya jiwe moja tu, wadogo wanapita, wengine wanaingia. Ikandamizeni kwa mawe ukingo hadi ukingo, na mwondoe majani kabla hayajaulaza wavu.

Nyavu zikiwa salama, pimeni uwezo wa maji kupitisha umeme. Penye viwanda vya zamani, hapa ndipo wapimaji wengi hukosea, kwa kuwa chumvi zinazovuja kwenye mabaki hupandisha kipimo hicho. Maji yakipitisha umeme kuliko mwili wa samaki, mkondo humzunguka. Betri inaisha, samaki anakwenda zake. Kupandisha volti huifanya mashine izidiwe na kujizima. Jaribuni pete ndogo zaidi, ile ya chuma inayopeleka umeme majini, na betri iliyojaa. Ikishindikana, tumieni wavu wa kukokota, na msilinganishe matokeo yake na ya umeme.

Tope nalo huficha samaki. Vueni mkielekea juu ya mkondo, msubiri maji yatakate kabla ya kurudia, na kila awamu itumie sekunde zilezile za umeme. Tope la hapo linaweza kuwa na metali na mafuta, kwa hiyo glavu ndefu za mpira zivaliwe hata mashine ikiwa imezimwa.

SWALI: Baadhi wana alama nyeusi ubavuni. Ni sumu ya kiwanda?

JIBU: Tazameni umbo. Mistari yenye umbo la V iliyojitokeza baada ya kuvua mara nyingi ni michubuko ya umeme wenu. Punguzeni mapigo ya umeme hadi 30 kwa sekunde. Mapezi yaliyolika, uvimbe na vidonda vikuukuu ndivyo vya kurekodi, samaki kwa samaki, pande zote mbili, na vilevile kwenye kipande cha kijito kinachofanana, kabla maji hayajafika kiwandani.