Daftari la Bibi: Ushauri kwa Wanaoanza Kuandika Maisha ya Wazee Waliohama

Mtu anayetaka kuandika maisha ya bibi au babu yake aliyehama nchi huniuliza kwanza aanzie wapi, na mara nyingi huwa ameshajijibu mwenyewe kwamba ataanzia kwenye safari. Nami nilianzia huko. Bibi niliyemwandika alikuwa bibi wa mume wangu, Mfilipino wa jimbo la Ilocos Sur, aliyeishi Stockton, California, kwa miaka 71. Na mimi, binti wa Tanga niliyeolewa katika ukoo huo, niliketi naye miaka miwili ya mwisho ya uhai wake nikiwa na simu ya kurekodia na orodha ya maswali ambayo mengi yalihusu meli. Kuhusu meli alinipa sentensi tatu: kwamba ulikuwa mwaka 1948, kwamba alitapika, na kwamba baridi ilikuwa kali. Nilidhani kumbukumbu zimemtoka. Hazikuwa zimemtoka, mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza habari za majuma machache katika maisha ya miaka 90.

Mazungumzo yalifunguka jikoni. Siku moja nilimkuta akichambua majani ya mti aliouita marunggay, nikautambua kuwa ni mlonge, ule ule tulioupanda uani nyumbani Tanga, nikaketi kuchambua naye bila kuwasha simu. Mikono ikiwa kazini, maneno yalikuja yenyewe: kisima cha kijijini karibu na Vigan, mama yake aliyefuma vitambaa, kaka zake waliokata tumbaku, mboga ya pinakbet iliyopikwa kwa karela, bamia na biringani. Tangu hapo niliacha kumuuliza mzee yeyote “ulijisikiaje?” na nikajifunza kumuuliza “ilikuwa ikifanywaje?” Swali la kwanza linamtaka atoe hukumu juu ya moyo wake mbele ya mtu aliye mdogo kwake kwa miaka 50, ilhali la pili linamheshimu kama fundi, na ndani ya maelezo ya kazi hisia hujitokeza bila kuitwa.

Angalia sana suala la lugha. Mjukuu aliyenitafsiria alijua Kiingereza na Kitagalog kidogo, lakini Kiilokano, lugha ya kwao Ilocos, ndicho alichoota nacho ndoto mzee huyu, na kwa mjukuu wake alizungumza kwa ufupi kama mtu mzima anavyozungumza na mtoto. Nilipomwomba mama mmoja wa parokia yao, Muilokano aliyekuwa akimwita Manang, yaani dada mkubwa, aketi nasi, rekodi ya nusu saa iligeuka kuwa ya saa moja na nusu. Kwa hiyo mkalimani asichaguliwe kwa ujuzi wa lugha peke yake. Tazama pia nafasi yake mbele ya mzee. Na adabu ya kuingia ujifunze kabla ya swali la kwanza. Kwao kijana huinama, huuchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake, nami niliyelelewa kwa shikamoo sikuhitaji kuelezwa maana yake.

Majina yatakupoteza usipokuwa mwangalifu. Jina la ukoo la Kihispania halithibitishi damu ya Kihispania, kwa maana mwaka 1849 Gavana Clavería wa utawala wa Kihispania aliamuru wenyeji wa Ufilipino wagawiwe majina ya ukoo kutoka katika orodha maalumu, na familia nyingi zilipata majina yao hivyo. Jina la kati la Mfilipino kwa kawaida ni jina la ukoo wa mama yake. Karani wa Marekani asiyejua hilo hulifupisha kuwa herufi moja, na ukoo mzima wa mama hupotea katika hati. Mimi nilipoteza miezi minne nikimtafuta mama wa bibi yetu, kumbe alikuwa amejificha nyuma ya herufi “R” yenye nukta. Tarehe za kuzaliwa nazo hutofautiana. Pasipoti ya bibi ilisema 1928, cheti cha ubatizo kilisema 1927, na yeye alisherehekea siku ya mtakatifu ambaye jina lake alipewa yeye. Niliandika zote tatu, kila moja na mahali ilipotoka, na hivyo ndivyo ninavyokushauri ufanye badala ya kujifanya hakimu.

Jambo ambalo wanaoanza hulipuuza zaidi ni sheria. Mwaka alioingia mzee katika nchi hausemi kitu mpaka ujue ni mlango gani uliokuwa wazi mwaka huo na ni upi uliokuwa umefungwa. Mume wa bibi alifika California mwaka 1929, wakati Ufilipino ilipokuwa chini ya Marekani na watu wake waliweza kuingia bila kuhesabiwa kuwa wageni, ingawa uraia hawakupewa. Mwaka 1934 sheria ya Tydings-McDuffie iliahidi uhuru wa Ufilipino na wakati huo huo ikawageuza Wafilipino kuwa wageni, ikaruhusu watu 50 tu kwa mwaka. Waliokuwa wameshaingia walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa sana, na sheria ya California iliwazuia kuoa wanawake weupe mpaka mwaka 1948, kwa hiyo wengi walizeeka bila ndoa katika kambi za mashamba ya asparaga. Babu yetu aliingia jeshini mwaka 1942 katika kikosi cha askari wa miguu cha Wafilipino kilichoundwa California, akapata uraia kwa utumishi huo, akarudishwa visiwani na vita, akaoa. Sheria ya mwaka 1945 iliyowaruhusu wake wa askari kuingia nje ya kiwango ndiyo iliyompitisha bibi. Pasipo kuyajua haya ningeandika kwamba “alimfuata mumewe Marekani”, jambo ambalo ni kweli, lakini lingeficha kwamba wanawake wa rika lake waliokuwa na hamu kama yake hawakupata njia.

Katika mwezi wa nane wa mazungumzo yetu bibi aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvumilia vya kutosha, nimeshaandika watu wake wangapi. Sikuelewa. Akanituma juu ya kabati nikamshushie bati la biskuti, na ndani yake mlikuwa na daftari la shule lenye jalada lililoliwa na unyevu. Ukurasa wa kushoto uliandikwa fedha alizotuma tangu 1950: ada ya kaka fulani, mabati ya nyumba ya mama, dawa, mazishi, ada tena. Ukurasa wa kulia uliandikwa majina ya ndugu zake watano, na mbele ya kila jina miaka miwili, mwaka wa kumwombea viza na mwaka wa kuwasili. Fedha ile ilitoka katika kiwanda cha kusindika matunda ya makopo, alikosimama msimu kwa msimu kwa miaka 26. Alipopata uraia mwaka 1953 kiwango cha Ufilipino nzima kilikuwa watu 100 kwa mwaka, kwa hiyo nafasi za kuwasili zilibaki tupu hadi sheria ya mwaka 1965 ilipobadilisha mpango na kuwapa ndugu wa raia nafasi yao. Wa kwanza aliingia mwaka 1969. Dada wa mwisho aliombewa mwaka 1985, akaitwa mwaka 2007. Alikuwa amengoja miaka 22, na watoto wake walikuwa wameshavuka umri wa kuambatana naye.

Nilifuta karibu kila kitu nilichokuwa nimeandika. Nilikuwa nimemfanya kuwa mwanamke aliyevuka bahari, naye maisha yake yote aliyahesabu kwa watu aliowavusha na wale alioshindwa kuwavusha. Ninakuomba sana, kabla ya kupanga sura zako, utafute kile ambacho mzee wako mwenyewe alikuwa akikihesabu. Huenda ni daftari, huenda ni mafundo ya uzi, risiti, mikeka, au majina anayoyataja katika sala kwa mpangilio usiobadilika. Mpangilio huo ndio muundo wa kitabu chako, hata kama utaziacha nje sura ulizozipenda. Mimi nilikuwa na sura nzuri juu ya Little Manila ya Stockton, mitaa ya Wafilipino ambayo sehemu yake kubwa ilibomolewa ili barabara kuu ipite. Ilibaki aya mbili, kwa kuwa yeye aliitaja tu kama mahali palipokuwa na duka la kutuma fedha nyumbani.

Kuna yatakayobaki kimya. Wajapani walishuka Vigan tarehe 10 Desemba 1941, naye alikuwa msichana. Nilipoufikia mwaka 1944 aliniambia jambo moja, kisha akasema liachwe. Nililifuta katika simu mbele yake, akiona, na sijalisimulia hata kwa mume wangu. Mwandishi atakayeshawishika kwamba historia ina haki kuliko mwenye maisha asiianze kazi hii.

Alifariki mwaka 2019. Katika usiku wa tisa wa sala, sahani ya atang, chakula cha marehemu, ikiwa imewekwa mbele ya picha yake, niliombwa kusoma. Nilisoma daftari lile, jina kwa jina na mwaka kwa mwaka, bila kuongeza sifa. Dada wa mwisho alinisimamisha mara moja tu, kusahihisha: ada ya mwaka 1961 haikuwa ya kaka yake, ilikuwa yake.

Nimelisahihisha. Rekodi zenyewe sikuzikata. Zimehifadhiwa nzima katika nakala tatu, pamoja na picha za kila ukurasa wa daftari, na nakala mojawapo iko kijijini Ilocos Sur kwa watoto wa dada huyo, wale ambao hawakupata viza.