Fundi Kompyuta Anajibu: Feni inazunguka, kioo cheusi tii

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina laptopu ya mtumba, Dell Latitude. Juzi nilipanda nayo bodaboda hadi Amani. Kurudi nyumbani kuiwasha, feni inazunguka lakini kioo ni cheusi tii. Kuna kitaa kinapepesa rangi ya chungwa mara 2, kisha nyeupe mara 3, halafu kinarudia. Fundi wa hapa kasema kioo kimekufa, ninunue kingine, na yeye atapiga Windows upya. Mitihani yangu ya muhula imo humo humo! Nifanyeje?
Mwalimu wa sekondari, Muheza

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kioo usinunue. Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawalifanyi: umehesabu taa. Kwenye Dell hizo, chungwa 2 na nyeupe 3 maana yake mashine haioni memori (RAM, kile kibao kidogo cha kumbukumbu ya muda, si diski inayotunza kazi zako). Angekuwa mgonjwa ni kioo, ungehesabu chungwa 2 na nyeupe 7. Bila memori mashine haianzi kazi, kwa hiyo haina picha ya kupeleka kwenye kioo, hata ukifunga kipya.

Na hilo la kupiga Windows, kataa katakata. Windows ikiharibika, nembo ya Dell bado hutokea unapowasha. Kwako hata nembo haitoki. Mitihani iko kwenye diski, na diski haihusiki na ugonjwa huu. Anayetaka kupiga Windows ndiye atakayeifuta.

Kwenye Latitude nyingi memori imechomekwa tu, haikuchomelewa, na mtikisiko wa bodaboda kwenye ile njia ya Amani, unayoijua mwenyewe, huweza kuilegeza. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa waya wa betri, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 20 umeme uliobaki uishe. Vibanio viwili vya pembeni mwa memori visukume kwa nje. Memori itainuka yenyewe kimshazari, ivute. Meno yake ya dhahabu yasugue taratibu kwa raba safi ya penseli, upanguse kwa kitambaa kikavu. Usipulizie kwa mdomo, mate ni maji. Irudishe kimshazari mpaka meno yakaribie kuzama yote, kisha ikandamize mpaka vibanio vilie “ta”. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, na kila tundu. Ukiwasha, vuta subira dakika moja hivi kabla ya kukata tamaa, maana mashine nyingine huanza kwa kuipima memori upya.

Ikigoma, azima memori inayofanya kazi ujaribie, ila soma lebo kwanza uone aina yake: ya aina ya DDR3L haiingii kwenye tundu la DDR4, na ukilazimisha utavunja tundu. Ikigoma hata kwa hiyo, basi ni bodi kuu ya mashine, na bodi si kazi ya kufanyia nyumbani.

Wasomaji wengine wenye Dell ambayo kioo ni cheusi na taa haipepesi: shikilia herufi D huku ukiwasha. Zikipita rangi nyekundu, kijani na bluu, kioo chako ni kizima. Zisipopita, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa gizani. Ukiona maandishi hafifu, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo au waya wake unaopita kwenye bawaba, na waya huo huwa wa bei nafuu kuliko kioo kizima. Mwambieni fundi aanzie hapo.