Barua kwa mwanangu: huyo dalali umpe shilingi ngapi

Mwanangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa jikoni sikushika vizuri. Unasema nyumba ya Kinyerezi mnaiuza wenyewe, bango mmebandika getini, picha umeweka status na feisibuku, halafu madalali ndio wanaongoza kupiga simu, kila mmoja ana mteja "yuko tayari hata kesho" na kila mmoja anataka asilimia 10. Unaniuliza mama niwape au niwafukuze. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mtoto wako analia na mimi nasahau nusu ya nilichotaka kusema.

Usiwafukuze. Dar watu wenye hela ya nyumba wengi wanapita kwa dalali, kuna mtu yuko Tabata anatafuta nyumba yenye maji na njia ya gari na hata hajui bango lako lipo, ila dalali wa kwenye kijiwe pale stendi anamjua. Kwahiyo mteja wako mwenyewe ni wako, humlipi mtu chochote, na mteja wa dalali ana bei yake. Lakini hiyo bei mnaipanga kabla mteja hajavuka geti. Hapo ndipo mimi niliumia, na sijawahi kukuhadithia vizuri.

Mwaka 2011 nilipouza ile ya Ukonga, wewe ulikuwa unasubiri kwenda chuo. Dalali alikuja na adabu zake zote, mama shikamoo, mama mimi ni kama mwanao, nikamuuliza utachukua ngapi akasema "mama wewe utaniangalia tu". Nikaridhika. Mteja akapatikana, tukakubaliana milioni 38, tukaenda benki na wakili. Tumekaa pale kwenye yale mabenchi ya chuma, nimeshika namba yangu ya foleni, dalali anaingia na wenzake wawili ambao sikuwahi kuwaona hata siku moja, huyu ndo alimpata mteja, huyu ndo alimpigia huyu, na wote wanataka asilimia 10 tugawane. Mnunuzi ananiangalia, wakili anaangalia saa, mimi nimevaa kitenge cha kutokea nimetulia kama nyumba si yangu. Nililipa milioni 3 na laki 8. Mkono ulikuwa unatetemeka nikisaini ile karatasi ya kutoa hela. Baada ya miezi kadhaa mke wa yule mnunuzi akaniambia wao walitoa 43, yaani dalali aliwaambia mwenye nyumba anataka 43, ile 5 ikaishia njiani. Kwahiyo alikula cha juu na akala asilimia yangu. Ada yako ya mwaka wa kwanza nilikopa kwenye kikundi, sasa unajua kwanini.

Sasa hesabu yako. Mnauza milioni 120. Asilimia 10 ni milioni 12, hiyo ni hela ya kupaua nyumba yenu ya huko Dodoma kabisa. Hiyo 10 haijaandikwa mbinguni mwanangu, ni mazoea tu, watu wanashuka mpaka 5, na nyumba ikiwa ya hela nyingi wanashuka hata 3. Ila na wewe usiangalie asilimia peke yake, angalia anavyofaidika. Tuseme umempa asilimia 5, mteja akitoa 120 anapata milioni 6, mteja akitoa 110 anapata 5 na nusu. Yaani wewe umepoteza milioni 10 yeye amepoteza laki 5, ndo maana atakupigia saa nne usiku akwambie dada kubali huyu mtu anaondoka. Si kwamba ana roho mbaya, hesabu yake ndo inamwambia hivyo.

Ndo maana mimi ningemwambia hivi: kaka, akinunua kwa 120 wewe una milioni 4. Akizidisha, kile kilichozidi tunagawana nusu kwa nusu. Akishuka chini ya 115 wewe una milioni 2. Hapo akileta wa 125 anaondoka na 6 na nusu, na utaona mwenyewe atakavyokutetea bei. Na umwambie waziwazi cha juu hakuna, mnunuzi na muuzaji watakaa meza moja na bei itatajwa kwa sauti. Dalali asiyetaka wewe uonane na mnunuzi mpaka siku ya hela, huyo achana naye hata kama mteja wake ana dhahabu.

Muandikishiane, nusu ukurasa inatosha. Jina lake na namba ya NIDA, jina la mteja aliyemleta, kiasi, kwamba analipwa siku hela imeingia kwenye akaunti yenu na si siku ya advansi, kwamba unamlipa yeye mmoja na wenzake atajuana nao, na kwamba makubaliano yanaisha baada ya miezi miwili. Hili la kumlipa mmoja ndo lingenisaidia mimi pale benki. Na chunga mdomo kwenye simu, maana sheria ya mikataba yetu inatambua hata makubaliano ya mdomo, ukisema "haya lete, 10 sawa" ushajifunga na yeye anaweza kuwa amerekodi. Sema lete mteja tuongee, basi.

Nunua na kadaftari. Kila mtu anayekuja kuona nyumba andika tarehe, jina, kaja mwenyewe au kaletwa na nani. Wapo madalali wanaona bango, wanampigia mtu aliyeshakuja kwako wiki iliyopita, halafu wanadai ni mteja wao. Ukimfungulia daftari linaongea lenyewe.

Ukimlipa chukua karatasi yenye saini yake, usione aibu. TRA wanakata asilimia 10 ya faida, na alicholipwa dalali kinahesabika kwenye gharama zako, kama zile risiti za mabati na tofali ambazo naomba Mungu hukuzitupa. Na kwa kuwa mmekaa humo zaidi ya miaka mitatu, kama faida haizidi milioni 15 kodi hiyo haipo, muulize wakili awapigie hesabu kabla hamjapanga bei ya mwisho. Serikali ya mtaa nao wakija na asilimia 10 yao ya mhuri, waombe wakuonyeshe ni sheria gani na risiti ya halmashauri wanatoa wapi. Nyumba ina hati, uhamisho unafanyika ofisi ya ardhi, si kwa mwenyekiti.

Halafu baba wa watoto lazima asaini, hiyo ni nyumba ya ndoa, hata kama hati ina jina lako tu. Mwambie asisafiri wiki hiyo.

Huyo dalali wa Segerea uliyesema anakusumbua sana, usimjibu leo. Nitumie meseji yake niisome kwanza, nitakupigia nikitoka kuswali isha.

Mama yako